Fungu, daftari na jina: wachezaji wa Nyumba ya Molière na sisi

Wasomaji wa kitabu hiki wamezoea kukuta humu ngoma, desturi za ufalme, majina ya koo na methali za wazee. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuanzia mbali kidogo, ku Paris, sababu kuko desturi moja ya kule ambayo sisi walimu tunapita karibu yake kila mwaka bila kuiangalia. Tunafundisha Molière. Tunafungua L'Avare ao Le Malade imaginaire, tunauliza maswali juu ya tabia ya Harpagon, tunatoa pointi, kengele inalia. Watu waliocheza maneno hayo, waliishi namna gani, walikula nini, hakuna mutu anayeuliza. Mwanafunzi mumoja wa ya tano sekondari alituuliza siku moja: "Mwalimu, bale bantu, nani alikuwa anabalipa?" Darasa lote likacheka. Kwa sisi lile swali lilikuwa la maana kuliko yote ya programu.

Maana ukiangalia vizuri, magazeti yetu na mikutano yetu ya utamaduni inachambua teatre paka kwa upande wa mafundisho: mchezo huu unatufunza nini, unakemea nini, Kiswahili chake ni kizuri ao kibaya. Kikundi chenyewe hakichambuliwi. Kinaanza, kinapigiwa makofi, kisha miaka mitano unauliza habari zake, unaambiwa: mukubwa wao alihama, ao alikufa, ao walipigana juu ya makuta. Tunasikitika, tunaanzisha kingine. Sisi tunaona kwamba ugonjwa haukai katika vipaji. Unakaa katika namna kikundi kinavyopangwa, na juu ya jambo hilo wachezaji wa Comédie-Française wana mengi ya kutuonyesha, mazuri na mabaya.

Tuanze na Molière mwenyewe. Alikuwa mukubwa wa kikundi chake, aliandika michezo, alicheza nafasi za kwanza, mufalme alimupenda. Kwetu mutu wa namna hiyo angeshika sanduku la makuta na funguo yake. Lakini mwaka wa 1661, wakati wa Pasaka, Molière aliomba wenzake wamuongezee fungu: apewe mafungu mawili pahali pa moja. Aliomba! Na wenzake wakakubali, mafungu mawili, yake peke yake, ao yake na ya bibi yake kama angeoa. Mwaka uliofuata akaoa Armande Béjart, naye muchezaji. Habari hiyo tunaijua kwa sababu muchezaji mumoja, La Grange, alikuwa na daftari. Tangu 1659 mupaka 1685 aliandika kila siku mchezo uliochezwa, makuta yaliyoingia, na fungu la kila mutu. Siku ya furaha alichora alama ya duara la buluu pembeni. Siku ya kifo, alama nyeusi.

Alama nyeusi ilikuja tarehe 17 Februari 1673. Molière alicheza Le Malade imaginaire kwa mara ya nne, akazidiwa, akapelekwa kwake, akafa usiku ule ule. Sasa mwenye kusoma afikiri kidogo. Mwandishi amekufa, mukubwa amekufa, muchezaji wa kwanza amekufa, na wote watatu ni mutu mumoja. Nyuma ya wiki chache, wachezaji wanne wakubwa wakakimbilia kikundi cha wapinzani, na ukumbi ukachukuliwa na Lully, yule wa muziki. Kikundi kilipashwa kufa. Hakikufa. Waliobaki walitafuta ukumbi mwingine, wakaungana na kikundi cha Marais, wakaendelea kucheza, wakaendelea kuandika daftari. Tarehe 21 Oktoba 1680 mufalme Louis wa 14 akaamuru kikundi hicho na kile cha Hôtel de Bourgogne viwe kimoja. Njo mwanzo wa Comédie-Française. Watu wanaiita Nyumba ya Molière, kumbe Molière hakuingia humo hata siku moja. Alikuwa amekwisha kufa miaka saba mbele.

Ile nyumba ingali iko mupaka leo, na mpango wake ungali unafanana na wa zamani. Wachezaji wake wanakaa humo mwaka muzima, hawaitwi kwa mchezo mumoja na kurudishwa nyumbani. Kuko namna mbili za kukaa. Muchezaji anaingia kwanza kama pansionere, yaani mutu wa mushahara, kwa mapatano ya mwaka mumoja yanayoweza kurudiliwa. Kama wenzake wanamuona kuwa anafaa, wanamufanya sosietere, yaani mwenye fungu. Mafungu yanahesabiwa kwa sehemu za kumi na mbili: unaanza na chache, na kadiri miaka inapita unaweza kupanda mupaka zote kumi na mbili. Anayezeeka anaondoka na heshima ya sosietere, na yule aliyeingia mbele ya wengine ndiye muzee wa kikundi, anakaa katika komiti pamoja na kiongozi anayewekwa na Raisi wa inchi. Alama yao ni muzinga wa nyuki, na neno lao ni la Kilatini, Simul et singulis: pamoja, na kila mumoja akiwa yeye mwenyewe.

Mutu atasema: hayo ni mambo ya makaratasi. Hapana. Angalia matunda yake ku jukwaa. Kule hawachezi mchezo mumoja miezi mitatu kisha wanautupa. Leo jioni ni Racine, kesho Molière, kesho kutwa mwandishi mupya. Muchezaji aliyekuwa mufalme jana, leo anabeba sahani na kusema maneno mawili. Na haoni haya, sababu fungu lake halipungui kwa kubeba sahani. Kijana aliyeingia mwaka huu anasimama karibu na mutu aliyecheza ile ile nafasi miaka ishirini mbele, anamuangalia namna anavyokaa, namna anavyongoja mbele ya kujibu. Hayo hayaandikwi katika kitabu cha mwalimu. Sisi tuliosoma chuo cha ualimu tunalijua jambo hili: somo la mufano lina nguvu kuliko kurasa kumi za metodi. Maneno ya Molière yamefika mupaka kwetu katika vitabu, lakini namna ya kuyacheza ilipita kutoka mwili mumoja kwenda mwingine, ndani ya nyumba moja, kwa karne tatu na nusu.

Sasa tusiwasifu bila kipimo. Ile nyumba ni kali. Kila mwaka komiti inakaa na kuamua nani anaendelea na nani anaondoka, na wanaohukumu ni wenzako unaocheza nao. Fikiria: mutu unayemushika mukono ku jukwaa leo, kesho anapiga kura juu ya mukate wako. Kuingoja nafasi ya fungu ni kazi ya uvumilivu. Bakary Sangaré, mwana wa Mali, aliingia 2002 kama pansionere. Mwaka wa 2003 alicheza baba katika Papa doit manger ya Marie NDiaye, mchezo ambao jina lake lingeeleweka bila shida ku Kamalondo: Baba sherti ale. Alifanywa sosietere 2013. Hesabu mwenyewe miaka. Na mchezo wa Césaire juu ya mufalme Christophe uliingia humo 1991 tu, ukitengenezwa na Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso, wakati ulikuwa umechapwa tangu miaka ya 1960. Nyumba iliyo na mulango muzito inalinda walio ndani, na inachelewesha walio inje.

Tena inafunga walio ndani. Sosietere haendi kucheza fasi ingine bila ruhusa. Sarah Bernhardt, ambaye jina lake lilijulikana dunia nzima, alikuwa sosietere tangu 1875. Mwaka wa 1880 alikasirika nyuma ya mchezo mumoja ulioenda vibaya, akaondoka. Tribinali ikamulipisha franka 100.000. Kuko wasomaji watakaosema ni uonevu. Sisi tunasema alikuwa amekula fungu, na fungu lina deni lake. Lakini tunakubali pia kwamba teatre ya Sarah Bernhardt ilikua zaidi inje ya ile nyumba kuliko ndani. Alizunguka Marekani, alikuwa na kikundi chake mwenyewe. Kila mutu hakuumbwa kwa kukaa muzingani.

Kibaya zaidi ni kile walichofanyia wengine. Mufalme aliwapa wao peke yao haki ya kucheza michezo ya Kifaransa ku Paris. Masikini waliocheza ku masoko makubwa ya muji walikatazwa kusema ku jukwaa. Unajua walifanya nini? Waliandika maneno ku mabao, wakayainua, na watu waliokuja kuangalia ndio waliimba yale maneno pahali pa wachezaji. Akili ya watu wadogo haikosi njia. Kila mara tunaposikia hapa kwetu mutu akiomba serkali ifanye kikundi chake kuwa "kikundi cha jimbo", na vingine vipewe ruhusa na yeye, tunakumbuka zile mabao. Ukubwa wa nyumba ya Paris ulijengwa na fungu na daftari. Aibu yake ililetwa na ile haki ya peke yake. Watu wanachanganya hizo mbili.

Mambo ya siasa nayo yaliwapitia. Wakati wa mapinduzi yao walipasuka: mwaka wa 1791 Talma na wenzake waliondoka kufanya teatre yao, na 1793 waliobaki wakatiwa gerezani juu ya mchezo uliowaudhi wakubwa wapya. Mwaka wa 1799 wakarudiana. Kisha Napoleon akawapa sheria inayobeba tarehe ya 15 Oktoba 1812, iliyotiwa sahihi Moscow, katikati ya vita ambayo ingemumaliza. Serkali zilikuja, zilienda. Kilichowaunganisha tena ni kwamba kila mumoja alijua fungu lake ni gani, na imeandikwa wapi.

Turudi kwetu. Wengine watasema: hayo ni ya wazungu, sisi hatukuwa na vyama vya namna hiyo. Wanasema hivyo wale wasioangalia. Waluba walikuwa na Mbudye. Huko nako mutu hakuingia siku moja na kuwa mukubwa. Alipanda ngazi kwa ngazi, alifundishwa, alijaribiwa. Wanaume na wanawake waliingia. Wachezaji wa Mbudye walicheza mbele ya watu, na wenye kumbukumbu kati yao walishika lukasa, ile bao yenye kushonwa ushanga na simbi, wakaigusa kwa kidole na kusimulia habari za Kalala Ilunga, za wafalme na mipaka yao. Na kazi yao haikuwa kumusifu mufalme tu; walimukumbusha mufalme masharti ya ufalme. Lukasa si daftari la La Grange, hatutaki kulazimisha mambo, sababu haikuandika makuta ya kila siku. Lakini njo ile ile akili: kumbukumbu ya chama isikae katika kichwa cha mutu mumoja anayeweza kufa na malaria.

Kilichotupata ni kwamba teatre yetu ya muji haikuzaliwa kutoka Mbudye, wala haikuchukua mpango wa Paris. Ilichukua maneno ya Paris ku shule, na ucheshi ilichukua ku radio na ku barabara. Hatuidharau! Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kimechekesha na kufundisha watu wa Katanga kupita wote waliovaa shuka la Kirumi ku sikukuu za shule. Walicheza katika Kiswahili cha hapa, kile ambacho sisi walimu tunakisahihisha kwa kalamu nyekundu, na televizio iliwapeleka mupaka ndani ya nyumba. Hawakuandika maneno mbele. Walikaa pamoja, wakagawanya sehemu, wakajaribu, wakabishana, mchezo ukatokea.

Jambo lao lililojulikana sana inje lilikuwa la 1986. Johannes Fabian, mwenye elimu ya watu na desturi zao, ambaye alikuwa amefundisha ku Lubumbashi miaka ya 1970, alipewa firigisi ya kuku ku meza. Akataka kuigawanya na mwenzake. Akaambiwa kwa Kifaransa: le pouvoir se mange entier, mamlaka inakuliwa nzima. Alipowauliza wachezaji wa Mufwankolo maana ya lile neno, wao hawakumupa jibu la profesa. Wakatengeneza mchezo muzima juu yake, wakaucheza ku kijiji cha Kawama, si mbali na Lubumbashi, ukarekodiwa.

Sisi tunaona kwamba lile neno la firigisi linachambua vikundi vyetu vya teatre kupita kila hotuba. Firigisi inakuliwa nzima, ni ya mukubwa. Hata mwenyewe akitaka kugawanya, wengine wanamukataza! Kwa hiyo kikundi kinabeba jina la mutu, makuta yanapita ku mukono wa mutu, na vijana wanaitwa "watoto" wake. Anawalisha wakati iko, wanavumilia wakati haiko. Siku anapokufa, firigisi inakufa naye. Wachezaji wengi wa miji yetu walitafuta bukari yao fasi ingine, ku kampuni, ku soko, ku shule, na teatre walifanya jioni, na mioyo yao. Mutu anayecheza na moyo wake bila fungu tunampigia makofi, lakini tusimuite muchezaji wa nyumba. Ni mugeni wa kila jioni.

Tunajua kikundi kimoja, jina lake tunaliacha, kilichopewa makuta na wafadhili juu ya mchezo wa kupiganisha SIDA. Walikuwa kumi na wawili. Hakuna aliyejua ni ngapi iliingia. Mukubwa alinunua mashine ya kutoa umeme, akasema ni ya kikundi, ikalala kwake. Nyuma ya mwezi mumoja wakabaki watatu. Mukubwa hakuwa mwizi, tunaamini hivyo hata leo. Pengine alinunua ile mashine kwa nia njema kabisa. Lakini hakuna karatasi iliyoweza kumutetea. La Grange, kwa kuandika, hakulinda wachezaji tu. Alimulinda Molière pia.

Na nyumba yenyewe, kuta na paa? Wengi wanaanzia hapo: tupewe ukumbi kwanza. Lubumbashi ilijengewa teatre ya sawasawa, nzuri, miaka ya 1950, kazi ya Claude Strebelle. Tunaiita Bâtiment du 30 juin. Kwa miaka mingi waliokaa ku viti vyake ni wadepite wa jimbo. Watu wa muji wana maneno yao juu ya hilo na hatutayarudilia hapa, yanajulikana. Tunataka kusema tu kwamba Molière alinyanganywa ukumbi mara mbili: 1660 walibomoa ule wa Petit-Bourbon juu ya kichwa chake bila kumujulisha, na 1673 Lully akawatosha wenzake. Mara zote mbili kikundi kilibeba daftari, kikaenda. Ukumbi bila kikundi ni sala ya ndoa. Kikundi chenye daftari kinaweza kucheza chini ya muembe na kikabaki kikundi.

Watoto wetu hawakosi uwezo. Marc Zinga, aliyezaliwa Likasi, njo aliyecheza Lumumba mwaka wa 2013 katika Une saison au Congo ya Césaire, ku Villeurbanne karibu na Lyon, chini ya Christian Schiaretti. Mchezo juu ya inchi yetu, muchezaji wa Likasi, na nyumba ya wengine. Tulifurahi, na tulijiuliza.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa vyama vyetu jambo dogo sana, ambalo mama zetu wa likelemba wanalifanya kila Jumamosi bila kwenda chuo. Kaye moja. Tarehe, mchezo, fasi, makuta yaliyoingia, yaliyotoka, fungu la kila mutu. Mupya nusu, mukubwa fungu zima, aliyeandika aombe la pili kama Molière, na wenzake wakubali ao wakatae. Kaye isilale kwa mukubwa. Ilale kwa mwingine. Na jina la kikundi liwe la mutaa, la muti, la mto, la kitu ambacho hakifi kwa homa. Tulipoyasema hayo katika mukutano mumoja, muzee mumoja alijibu: "Mwalimu, unataka kutufanya kampuni?" Hapana, muzee wetu. Kampuni inamulipa mutu na kumufukuza. Hatakuwa na fungu. Tunachotaka kiko karibu zaidi na Mbudye.

Mchezo wa Kawama ulichapwa 1990 ndani ya kitabu cha Fabian. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini maneno ya wachezaji yamo katika Kiswahili chetu, namna yalivyotoka kinywani. Maktaba ya shule yetu haina hata nakala moja. Ina nakala 14 za L'Avare.